Vidonge Mfukoni mwa Kaka Sixbert

Kaka yangu Sixbert alifuga nyuki Itigi miaka thelathini na minane, na hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kuwa ameumwa. Mrina asali kuumwa na nyuki, alikuwa akisema, ni sawa na padri kusahau Baba Yetu.

Maumivu ya kichwa na kizunguzungu vilipozidi alipigwa picha Dodoma, ikaonyesha uvimbe kwenye ubongo. Tukaambiwa twende kwa Daktari Noorbanu, daktari wa upasuaji, Singida mjini. Kaka hakutaka kwenda mikono mitupu. Siku tatu kabla ya safari akaenda kurina dumu la asali, na kizunguzungu chake hicho hicho.

"Shikamoo mzee," daktari alimsalimu. "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna."

Akatolewa damu kwa kipimo cha kawaida, kile wanachopimwa hata wenye homa. Majibu yalipotoka, daktari alitueleza polepole. Damu haiuoni uvimbe, alisema, lakini ukilinganisha aina mbili za chembe nyeupe, ukazisoma pamoja na picha, unaweza kukisia ukali wake. Za kaka zilikuwa zimepishana mno.

"Basi ni mkali," kaka akasema. "Sipasuliwi. Nirudisheni nikafie nyumbani."

"Sijasema hivyo, mzee. Uhakika ni mpaka kipande chake kipimwe."

Hakutaka kusikia zaidi. Tulifikia nyumba ya wageni ya parokia. Alasiri nikichukua shati lake kulifua, nikakuta vidonge mfukoni.

"Kaka, hivi vya nini?"

"Vya uso."

"Uso una nini?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Uliumuka kama andazi. Ningemwendea daktari hivyo? Muuza dawa akanipa hivyo, ukanywea."

"Nyuki wamekuuma wewe!"

"Jenipher, punguza sauti. Padri yuko hapo nje."

Nilicheka mpaka nikalia, na yeye akacheka.

Kesho yake nikampelekea daktari vile vidonge. Aliviangalia, akashusha pumzi. Vidonge hivyo hupandisha aina moja ya chembe zile, alisema, na kuumwa na nyuki wengi kunaweza kuchangia. Akataka kaka akae bila vidonge, kisha apimwe upya. Kwa siku kumi tulisali rozari pamoja, nikisahau matendo, na yeye akinisahihisha.

Kipimo cha pili kilishuka sana.

"Si ahadi, mzee," daktari alisema. "Ila ile damu ya kwanza usiitegemee kukata tamaa."

Kaka akasema, "Nitapasuliwa."

Alipasuliwa, na kipande kilipopimwa, uvimbe haukuwa wa aina ile kali kabisa. Mungu akampa miaka mitatu. Aliongea polepole na mkono wa kushoto ulikuwa mzito, lakini alimwona binti yake Eliza akifunga ndoa. Tulimzika Jumatano baada ya Pentekoste. Wapo waliosema msibani kwamba tulimtesa bure kwa kisu. Lakini miaka ile mitatu, kila Jumapili baada ya misa, nilikula naye chakula cha mchana.