Mke wangu aliungua mikono kwa ajali Ruiru: vile alirudi kuitumia

Wakuu, sasa. Hii si story ya kuskia kwa mtu. Ni ya nyumba yangu, na nitaiambia vile ilienda, hata pahali nililia.

Mke wangu ni Nyokabi, lakini mimi humwita Mama Ciru. Anafuga kuku huku Kalimoni na mayai anapeleka Ruiru mwenyewe na gari yetu ya Probox. Mimi natengeneza friji Juja.

Siku hiyo lori ilimgonga kutoka nyuma akiingia Ruiru. Gari ikalala upande, petroli ikamwagika, moto ukashika.

Watu wa boda walimvuta kwa dirisha. Lakini moto ulikuwa umeshafika mikono yote miwili na bega la kushoto.

Sasa, gari ilikuwa imebeba mayai. Jamaa mmoja, na roho safi kabisa, akaokota yenye hayakuvunjika akitaka kumpaka pale ameungua.

Mama Ciru akapiga kelele: "Wewe, wacha mayai! Leta maji!"

Hiyo alikuwa ameskia kliniki akipeleka mtoto. Mama wa duka akavuta mpira wa maji, wakammwagilia kama dakika ishirini, wakamfunika na leso safi, wakamkimbiza hospitali Thika. Daktari alisema hayo maji yalisaidia sana.

Naweka hapa mapema kwa mwenye hatafika mwisho: maji safi ya kawaida. Sio barafu, sio dawa ya meno, sio mafuta. Halafu hospitali, hata kama kidonda kinakaa kidogo.

Nilipofika casualty, pale wanapokea wagonjwa wa dharura, sikumtambua. Uso umefura, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko.

Akaniangalia, akauliza, "Umekula?"

Nikatoka nje nikalia kama mtoto.

Wakuu, kwa watu wa kuungua, kazi ngumu ni kubadilisha bandeji. Wanakupa dawa ya maumivu kwanza, lakini bado unaskia. Nilikuwa nasimama karibu na kitanda, yeye anaegemeza kichwa kwa tumbo yangu ndio asiangalie.

Sista wa wodi akatuambia tuimbe. Mama Ciru ni wa kwaya. Mimi nyimbo za kanisa nazijua, sauti ndio sina.

"Baba Ciru," akasema katikati ya uchungu, "shuka kidogo. Hiyo sauti itamaliza wagonjwa."

Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mbavu.

Baadaye akafanyiwa skin graft. Wanatoa ngozi nyembamba kwa paja, wanaipanda pale imeungua. Hakuna mtu alikuwa ametuambia paja litauma kuliko mkono. Sasa mnajua.

Tukarudi nyumbani nikidhani tumemaliza. Kumbe kovu likikauka linavuta. Vidole vilianza kujikunja. Mtu wa physio, wa mazoezi ya viungo, alimpatia glovu za kubana na mazoezi ya kila siku: kunja, nyoosha, shika, achilia.

Alifanya wiki za kwanza, mimi nikimsaidia kunyoosha vidole. Halafu asubuhi moja akavua glovu, akaziweka kwa meza.

"Wacha ikae hivyo. Nimechoka kuumizwa na watu wananipenda."

Nilimpikia chai, nikamshikia kikombe.

Yenye ilimrudisha ni Ciru, msichana wetu, ako grade one. Jirani alikuwa amejitolea kumsuka. Ciru akakataa, akaenda shule na nywele zimesimama.

"Mum hawezi saa hii," nikamwambia.

"Nitangoja."

Jumamosi akachukua kitana na stuli, akaenda akakaa katikati ya magoti ya mamake. Aliinamisha kichwa tu.

Mama Ciru alikaa hapo muda, mikono hewani. Halafu akagawa nywele.

Tuta moja la nywele lilichukua karibu mchana wote. Vidole vilikataa kushika, akaacha, akaanza tena, machozi yakiangukia utosi wa mtoto. Ciru hakusonga.

"Nakuvuta?"

"Hapana mum. Endelea."

Kesho yake akasuka lingine. Physio aliposkia alifurahi sana, akasema hayo ni mazoezi mazuri na aendelee. Glovu zikarudi mikononi.

Siku kichwa kiliisha kusukwa, tulienda kanisa na matuta yamepinda kama njia za Murera mvua ikinyesha. Mama mmoja akamuuliza Ciru nani amemsuka.

"Ni mum," akasema, na akageuka polepole ndio huyo mama aone hadi nyuma.

Kidole kidogo cha kushoto bado hakinyooki, na bega linawasha jua likiwaka. Nilichojifunza ni kwamba kidonda kufunga ni nusu ya safari. Hiyo nusu ingine inataka mazoezi, na mtu wa kukaa na wewe siku yenye umekataa kuyafanya.

Wenye mmepitia hii, huo muwasho mlituliza na nini? Andikeni hapa chini. Mama Ciru amekaa hapa kando yangu, nitamsomea majibu yote.