Swichi Iliyokataa Mponde Tu

Mume wangu alikuwa bwana shamba, na kazi yake ilikuwa chai. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ofisi ilimpa pikipiki. Kila Alhamisi aliiwasha mbele ya nyumba yetu Lushoto, akateremka Soni, akapanda Bumbuli, hadi kwa wakulima wa Mponde. Jioni alirudi koti limelowa ukungu, na mimi nilishaisikia mashine yake tangu kona ya kanisani.

Kisha akaanza kutorudi. Alitokea Ijumaa asubuhi, na maneno yalikuwa yale yale.

"Swichi ya kuwashia imekufa tena. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Nikalala kwa mwinjilisti wa kule Mponde."

Ningeamini, ila pikipiki hiyo hiyo haikuwahi kukataa nyumbani. Siku moja, yeye akiwa anaoga, nilibonyeza mwenyewe kile kitufe kando ya mshikio wa kulia, ikanguruma mara moja. Nikaizima, nikabaki nimeitazama.

"Na kiki ya kuwashia kwa mguu?" nilimwuliza mezani.

"Meno ya kiki yameisha, unajua. Spea hakuna hata Tanga."

"Si unaisukuma kwenye mteremko, ukatia gia? Njia yote ile ni miteremko."

"Kwa mwinjilisti ni bondeni," alisema, akaendelea kula viazi.

Miaka ile kila mtu alimchunguza mwenzake. Mwenye sukari aliulizwa kaipata wapi, mwenye sabuni aliulizwa kapewa na nani. Nami nikawa mchunguzi wa mume wangu. Nilinusa koti lake. Nilipoona shati limerudi limepigwa pasi, nikaambiwa mke wa mwinjilisti ana pasi ya mkaa. Jibu lilikuwepo kila mara, na ndilo lililonitia shaka zaidi. Mtu asiye na la kuficha husahau, hujikanganya. Yeye hakujikanganya.

Tuliishi na dada yake mkubwa, mjane, mtu wa kanisani asiyependa umbea. Tulikuwa tukimenya viazi jikoni aliposema bila kuinua uso, "Wifi, huyu ni ndugu yangu, siwezi kumsema. Lakini ni mashine gani hiyo inayochagua pa kuharibikia?"

Basi hata yeye alikuwa na shaka.

Baba yangu alikuwa fundi wa umeme kwenye mashamba ya mkonge kule Mnazi, na nilikua nikimshikia taa. Nyaya sikuziogopa. Jumamosi moja mume wangu alipokwenda mkutanoni kwa miguu, niliitoa pikipiki barazani. Baraza letu lilikuwa jembamba, kwa hiyo iliegeshwa siku zote usukani umegeuzwa kulia. Nilibonyeza, ikawaka. Nikaizima, nikageuza usukani kushoto, nikabonyeza tena. Kimya. Taa ilikuwa inawaka, honi inalia, maana yake betri ilikuwa nzima. Nikaurudisha kulia, ikawaka.

Nilifungua swichi, nikagusanisha nyaya zake mbili nikiwa nimeukunja usukani kushoto. Kimya vilevile. Nikaufuata ule waya hadi shingoni mwa pikipiki, nikakuta umekatika ndani ya ngozi yake ya mpira. Nyuzi chache tu zilikuwa zimebaki. Ukikunja usukani kushoto, zinaachana, na bila shaka kule Mponde ndivyo alivyoiegesha.

Niliketi chini nikacheka, kisha nikaona haya. Kumbe alikuwa anasema kweli! Niliuunga waya, nikausokota vizuri na kuuzungushia utepe, nikaisugua pia kutu ya kijani iliyokuwa ndani ya swichi. Aliporudi nilimwonyesha. Kushoto, ikawaka. Kulia, ikawaka.

"Umefanya vizuri," alisema.

Lakini sikuona furaha usoni pake. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa mgeni anayemwogopa yuko njiani.

Alhamisi iliyofuata hakurudi.

Ijumaa alipofika, nilimpokea mkoba, nikamwandalia chai. Nilimwacha anywe.

"Ni ile swichi," alisema. "Imerudia."

Nilimwongezea chai. Alipolala mchana niliijaribu. Niligeuza usukani huku na huku, nikautikisa, nikaimwagia swichi maji kwa kata kama mvua ya Bumbuli. Iliwaka kila mara. Wifi alikuwa amesimama mlangoni akitazama, kisha akaingia ndani. Sasa sikuwa na shaka tena. Nilikuwa na uhakika kwamba ana mwanamke kule Mponde, na nilijua nitakachosema.

Niliifungua swichi kabisa kutoka kwenye mshikio, nikaiacha ining'inie kwa nyaya zake mbele ya taa. Nilitaka aiweke kwa mkono wake, abonyeze, ikimwakia aniambie jina la huyo mwanamke.

Alipoamka jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima, ila mwanga haujaisha. Mimi niliona hata skrubu nilizozipanga sakafuni.

"Baba, njoo unionyeshe inavyokataa."

Alikuja polepole, mkono mmoja ukutani. Alifika kwenye pikipiki, akapapasa mshikio wa kulia, akapapasa tena.

"Umeiweka wapi swichi?"

"Iko mbele yako."

Alikuwa ameielekezea uso. Haikufika hata shubiri moja kutoka kifuani pake. Mkono wake ulipita juu yake, ukapita chini yake. Nilidhani ananifanyia dhihaka. Nikainua kiganja changu mbele ya macho yake, nikakichezesha. Hakupepesa.

"Unanichezea?" nilimwuliza.

"Nikuchezee vipi?" alisema. "Umesimama wapi?"

Nilishusha kiganja. Nilimshika mkono nikamketisha kwenye ngazi, na hapo akasema. Mchana aliona kama watu wote. Giza likianza, dunia ilimfungia, na nyumbani alitembea kwa mazoea tu. Mara ya kwanza swichi ilimkatalia kweli, ilipokubali alikuwa amechelewa, akajaribu kurudi jua likizama. Kwenye zile kona za Soni alipoteza barabara, akaanguka upande wa mlima. Angeanguka upande wa pili, tungemzika. Tangu siku hiyo, kazi ikichelewa, hulala kwa mwinjilisti na kuisingizia swichi.

"Ulipoiunga nilijua umeniondolea kisingizio," alisema. "Wakijua ofisini, watanitoa kazini."

"Na mimi je? Mimi ni ofisi?"

Aliutafuta mkono wangu kwa kupapasa. Wifi alikuwa ametoka, amesimama nyuma yetu, amejifunika khanga mdomo.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimwangalia kwa taa ndogo, akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaozidi kadiri umri unavyokwenda, hauna dawa, na kwamba asiendeshe jua likishazama. Mume wangu mwenyewe alimweleza mkubwa wake wa kazi. Hakufukuzwa. Alihamishiwa kwenye vitalu vya miche palepale mjini, na pikipiki ikachukuliwa na bwana shamba mwingine.

Ilinichukua muda kuacha kunusa koti lake. Mazoea mabaya hayaondoki kwa siku moja, hata sababu ikiisha.

Miaka ikaenda, na jioni tukitoka sokoni alinishika kiwiko tangu kwenye vibanda mpaka nyumbani, hakuniacha hata hatua moja. Majirani walinong'ona kwamba bwana shamba ameshikwa na wivu uzeeni, hataki mkewe atembee peke yake. Tuliwaacha wadhani hivyo.