Wimbo wa Kusaga wa Mama Mkwe

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, nimeolewa kijijini Paya, Uganda, na nilijiona msomi mkubwa. Kwetu ni Lunyo, kando ya ziwa, kwa Wasamia, kwa hiyo lugha ya ukweni niliianza baada ya ndoa, nikaimeza harakaharaka kama mtu anayekula chakula cha moto. Hilo halikunizuia kunyoosha mkono siku ile Tororo, walimu wa Uganda na wenzetu wa Kenya tulipokutana kupanga kukusanya nyimbo za vijiji vya mpakani, zifundishwe shuleni pande zote mbili. Tulikuwa tumechoka kuwaimbisha watoto habari za theluji ambayo hata sisi hatukuwahi kuiona.

"Huko Paya nani atatutafsiria?" aliuliza mwenyekiti, mwalimu wa Busia upande wa Kenya.

"Mimi," nikasema. "Mama mkwe wangu ndiye mwimbaji wao. Hawezi kuninyima."

Tukafika na gari lililobeba mashine ya kunasa sauti, pamoja na mwanamke wa Kizungu aliyejua kuiendesha. Mama mkwe na wenzake walikuwa wamekaa uani na magauni yao ya gomesi ya Jumapili. Yule Mzungu akaniomba niwaeleze kwamba mashine itahifadhi sauti zao, na kwamba hatutanasa lolote wasipokubali. Nikasimama, nikakohoa kidogo, nikahutubia. Nusu yao wakainuka kwenda zao.

"Umewaambia nini?" mwenyekiti akaninong'oneza.

"Nilivyoagizwa."

Wifi yangu alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. "Umewaambia mashine itameza sauti zao, na asiyekubali itammeza mwenyewe!"

Yeye ndiye aliyewarudisha, akaeleza upya huku mimi nikitingisha kichwa kama mkaguzi wa shule. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Tutaimba za kusaga," akasema. "Za msiba haziingii humo, hizo si za watoto kuchezea. Na mkimaliza, tusikie sisi kwanza. Tusipopenda, mfute."

Mzungu akakubali yote. Wakaimba, nami nikapiga makofi na kuyumba kwa furaha. Waliposikia sauti zao zikitoka mashineni, uani pakalipuka vigelegele.

"Maneno yanasemaje?" Mzungu akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza. "Yanasema... kuna mke aliyeletwa kutoka ziwani. Analishika jiwe la kusagia kama anashika kalamu. Unga wake una changarawe, mumewe anatafuna kama ng'ombe."

"Unapendeza! Ni wa zamani?"

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, wimbo huu mmeuimba tangu lini?"

"Sauti yake ni ya bibi zetu," akajibu. "Maneno ni ya tangu ulipokuja."

Nikatafsiri nusu ya kwanza tu. Kisha nikamsogelea, nikasema kwa upole, "Mama, hicho kipande cha mke wa ziwani, hamwoni afadhali kifutwe?"

"Sisi tumekipenda," akasema, na wenzake wakapiga vigelegele upya.

Muhula uliofuata nilialikwa shuleni kwa mwenyekiti, ng'ambo ya mpaka. Darasa zima likauimba wimbo ule, hata ile sehemu ya kutafuna, bila kukosea. Mwenyekiti akanitaka niwaeleze watoto huyo mke alikuwa nani.

"Mtu wa zamani sana," nikawaambia. "Alishakufa."

Jioni nilimkuta mama mkwe akipepeta mtama. Nilipomsimulia, ungo ukatulia mikononi mwake.

"Watoto wa Kenya? Wanatamka vizuri?"

"Kunishinda mimi, Mama."

"Hilo si gumu," akasema, akasogea kidogo ili niketi naye mkekani. Akataka nianze tena tangu mwanzo: nani aliongoza, nani aliitikia, na kama walicheka pale panapochekesha. Nikamwambia walicheka sana.