Bustani Juu ya Paa la Mama

Kaka yangu alihudhuria semina ya siku tatu Arusha kuhusu utalii unaotunza mazingira, akarudi kijijini kwetu Mungaa na kofia, cheti na mapipa matatu ya taka: la kijani, la bluu na la njano. Aliyapanga mbele ya nyumba ya mama yetu, wageni wayaone vizuri. Yalipojaa, yote matatu tuliyamwaga kwenye shimo moja nyuma ya zizi. Nilipomuuliza sasa maana yake nini, akaniambia mgeni akishatenganisha taka anajisikia vizuri, na hiyo ndiyo biashara.

Nyumba yenyewe ni tembe, kuta nene za udongo na paa bapa la miti, matawi na udongo juu yake. Baba aliijenga. Alipofariki, mama alikataa katakata kuhamia nyumba ya bati. Tulipomwambia tunataka kupangisha vyumba vya mbele kwa watu wa likizo, alikubali kwa masharti mawili: nyumba isiharibiwe, na chumba chake cha nyuma kibaki chake mpaka siku atakayokufa. Tulimwahidi, kaka na mimi, kwa midomo yetu.

Wageni walikuja, sikatai. Walishuka na miswaki ya mianzi na katoni za maji ya chupa, wakaacha injini zinaunguruma ili viyoyozi vipoze magari huku wakipiga picha kibao chetu cha kuhimiza watu kupunguza moshi. Kaka aliwakusanya, akamwita na mama, akawafundisha wote jinsi ya kutumia kitu zaidi ya mara moja. Mama yangu! Mwanamke ambaye maji aliyooshea mboga huwapa kuku, magunzi huyafanya kuni, majivu huyapeleka chooni. Alikaa kwenye kigoda akasikiliza kwa adabu, na wenzake walipopiga makofi, naye akapiga.

Kisha likaja la bustani. Huko semina kaka alionyeshwa picha za majengo ya Ulaya yenye majani juu ya paa. Akaliangalia paa la mama, akaona vinyasi vimeota, akaamua kwamba tumekalia dhahabu. Alifunga pampu ndogo ya sola ivute maji waliyoogea wageni, mpira wenye matundu ukayanyunyiza juu. Paa likastawi kweli. Wageni walishangilia, na mimi, niliyeacha kazi ya ofisini Dodoma nije kusimamia upuuzi huu, nikaandika mtandaoni kwamba nyumba yetu inapumua.

Msichana aliyelelewa ndani ya tembe anajua jambo hili kabla hajajua kusoma: mvua zikikaribia unapanda juu, unang'oa kila jani, unaongeza udongo mkavu na kuushindilia, kwa sababu mizizi hufungulia maji njia. Niliifanya kazi hiyo na mama kila mwaka. Kaka siku hizo alikuwa akichunga ng'ombe, kwa hiyo ujinga wake ni ujinga halisi. Mimi sina hata hicho kisingizio.

Novemba mama alipanda juu na jembe lake. Alikuwa ameshang'oa kipande cha ukubwa wa mkeka kaka alipomwona.

"Mshushe!" akaniambia. "Wewe anakusikia. Wageni wanafika sasa hivi."

Nikapanda. "Mama, shuka kwanza. Hawa wakiondoka tutang'oa."

"Mvua inakuja, mwanangu. Na kazi hii unaijua."

"Mama, haya ni mambo ya kisasa."

Alinitazama, akasema neno moja la Kinyaturu ambalo silitafsiri, akashuka. Wageni wale waliondoka, wakaja wengine. Hatukung'oa kitu.

Januari ilinyesha siku tatu mfululizo. Mchana wa siku ya tatu, mama akiwa shambani anapalilia, paa la chumba chake liliporomoka lote. Vyumba vya wageni havikudondosha hata tone. Chini ya bustani yao kaka alikuwa ametandika turubai la plastiki, zito, jipya. Sisi watunza mazingira. Upande wa mama hakutandika, na mimi niliona wakati anatandika. Kitanda, sanduku la kanga, vibuyu vya mbegu za mtama, vyote vililala chini ya matope.

Mama alirudi, akasimama mlangoni, matope yamemfika magotini. Kaka alikimbilia kueleza kwamba kosa ni la fundi na mteremko wa paa, akachoka, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu.

Nami nikasema, "Shikamoo mama." Akanipita, akainama, akaanza kuondoa udongo kitandani kwa mikono.

Sasa anaishi kwenye nyumba ya bati ya kaka. Kila asubuhi kaka akimwamkia, mama humwitikia. Mimi namwamkia, naye anaendelea kuchambua mboga.