Kisima Si Chanzo

Profesa wa afya ya jamii alikuwa na sauti laini kama mafuta ya mawese, na kama mafuta hayo, ilitia doa kila ilipogusa. Kila Jumatano alitufundisha kwa mtandao kutoka jiji la mbali. Kozi iliitwa ya ushirikiano: wauguzi wa nchi kadhaa za Afrika wangefundishana. Kufundishana huko kulikuwa hivi: yeye alisema, sisi tulitikisa vichwa ndani ya visanduku vidogo.

Mimi niliajiriwa mjini Kasongo kuwasha kompyuta na kuandika muhtasari, kwa kuwa nilikwisha kujitangaza mwandishi. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, alikuwa mwanafunzi. Aliongoza kituo cha afya Kabambare, na wakubwa walimwambia wazi: bila cheti cha kozi hii, nafasi yake itapewa mwingine. Basi kila wiki alipanda pikipiki, siku nzima ya tope, aje aketi kando yangu mbele ya kamera.

Siku ya kuwasilisha kazi alieleza namna kolera ilivyoingia mtaa mmoja kwao. Alipita nyumba kwa nyumba, akauliza kila mgonjwa amekunywa maji ya wapi. Alisema polepole, kwa haya ya mtu anayekijua kitu vizuri. Profesa akamkata.

"Chanzo chako ni kipi, mama?"

"Chanzo iko kisima ya chini ya soko, profesa. Tulishakifunga."

Visanduku vikacheka. Profesa akavua miwani, akaifuta, akatufunulia kwamba chanzo ni makala, jina la msomi na mwaka. Kisima si chanzo.

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa hawana kurasa, mama."

Alilipenda neno lake, akalirudia mara mbili.

Baada ya somo akaniandikia mimi: niongeze makala zake mbili mwishoni mwa kazi, dada atapita. Nikaziongeza mbio. Naona aibu kusema kwamba hata mikato niliipanga vizuri.

Dada akasoma. "Huyu mutu alifika kwetu lini?"

"Hakufika, yaya."

"Sasa anajua nini ya kisima yetu?"

"Hajui kitu. Lakini cheti iko kwake. Ni mistari miwili tu, yaya, acha."

"Wewe na hadithi zako! Danganya watu mu hadithi, watacheka. Hii iko ugonjwa ya watu. Toa."

Nikatoa. Akaangushwa.

Mwezi uliofuata nilimsindikiza Kabambare kukabidhi funguo. Mkuu mpya, bwana wa shati lililonyooshwa kwa pasi, alikuwa amefaulu kozi ileile kwa sifa. Yaya alimtajia wagonjwa mmoja mmoja, nani anameza nini, nani hunywa maji ya wapi. Bwana hakuandika kitu. Alikuwa akipapasa ukuta, akitafuta mahali pa kupigilia msumari wa cheti chake.