Leso ya Kumtunza Mmarekani

Jumamosi, basi la Wembley, London, lilijaa wasichana waliojipaka vimetameta usoni, wote mbio uwanjani kwenye onyesho la mwimbaji mmoja wa kike wa Kimarekani. Mbele yangu, mama mmoja wa Mombasa alipakata leso mpya.

"Ya kumtunza," alimwambia bintiye. "Akifika ubeti wangu, nainuka namtupia begani."

Binti alishika kichwa. "Mama, hii si taarabu! Kuna walinzi!"

"Si ulisema mashairi anatunga mwenyewe?"

"Tangu yuko shule, wenzake walipomtenga."

"Na wanaume waliomwacha?"

"Kila mmoja ana wimbo wake."

Mama alipiga makofi, dereva akachungulia kiooni. "Huyo wetu! Uwanja mzima unampigia kelele, na wa kumtunza hakuna?"

Binti alicheka. "Haya, ubeti wako upi?"

Mama aliinyoosha leso kwa kiganja. "Wa mume aliyeondoka bila kuaga."

Binti alishika ncha ya leso. "Basi tutainuka wawili."

Kituo changu kilishapita zamani nikiwasikiliza. Walinzi wa uwanjani sijui walifanya nini, lakini mlinzi mkali kuliko wote, mle basini, alikuwa ameshahamia upande wa mama.