Kilichomuua Mtoto Wetu Bado Ki Hai

Jina langu msiliandike, kwa maana huku Kilifi twajuana. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu wa chuo kikuu, na haya sijapata kumwambia mtu.

Miaka ya themanini nilikuwa nikisomea shahada ya uzamifu, upande wa vijidudu na kinga ya mwili. Nilitaka kujua kwa nini watoto wawili wa nyumba moja waumwe malaria, mmoja aamke kesho yake acheze, mwingine asiamke. Msimamizi wangu wa masomo alikuwa Ulaya, nami nikarudi nyumbani kukusanya damu za watoto waliolazwa hospitali. Kila mzazi nilimweleza kwanza, na aliyekataa nilimwacha.

Asubuhi moja akaletwa mtoto kutoka Matsangoni, ana degedege, macho yameenda juu. Nilipomtazama aliyembeba, alikuwa mdogo wangu wa kike, wa tumbo moja. Nitamwita Sidi. Mtoto alikuwa Dama, binti yake wa pekee, ambaye kila nikija likizo hakukubali kulala ila kitandani kwangu.

Daktari akamtundikia dawa. Mimi nikasimama pale, maneno niliyowaambia wazazi wengine bila taabu yamenikwama. Sidi ndiye aliyeiona sindano mkononi mwangu, akaniuliza kama na hiyo ni ya matibabu. Nikamwambia kweli, kwamba hiyo ni ya masomo yangu. Akaushika mkono wa mtoto, akaunyoosha.

"Chukua, dada. Huyu ni mwanao pia."

Dama hakuliona jua la kesho yake. Tukamzika Matsangoni.

Nikarudi Ulaya, na zile damu zikaja zimegandishwa kwa baridi kali isiyo mfano. Tulipoziyeyusha tukajaribu kuvikuza vijidudu vya malaria vilivyokuwamo. Vya watoto wengine vilikufa. Vya Dama vikashika, vikazaana. Msimamizi wangu alifurahi, akanipa mkono. Tangu hapo kazi yangu ikawa kuvilisha. Kila siku, hata sikukuu, nilivipa damu mpya, nikavichungulia kwa hadubini vikiongezeka. Vilimuua mtoto wetu, nami ndimi niliyevilea, maana vingekufa, masomo yangu yangekufa navyo. Nilikuwa nikilia, kisha nafuta kioo, naendelea.

Nilifuzu. Sidi alinipokea kwa vigelegele, akanifunga leso mpya kiunoni, asijue nilichofuzu nacho. Vijidudu vile viligawiwa maabara nyingine, na hadi leo vimegandishwa humo, pamoja na sehemu ya damu yake Dama ambayo hatukuiyeyusha. Vimesaidia utafiti wa dawa na chanjo, hilo silikatai.

Sasa tangu mwaka jana Sidi humwota mwanawe. Yuaja, asimama mlangoni, asema asikia baridi. Wazee wakasema koma, yaani roho ya aliyekufa, akitaka nguo apewe nguo, ndio mila yetu. Tukamnunulia kitambaa, tukamwekea kaburini. Ndoto ikarudi. Juzi Sidi alikuja kwangu, chai nikamtilia hakuigusa.

"Dada, yuasema nguo hazimfikii. Wewe umesoma sana. Mwanangu yuko wapi?"

Nikamwambia amepumzika. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Elimu yangu yaniambia ndoto ni ndoto, na kijidudu si mtoto. Lakini ile baridi naijua. Nimetia mikono yangu humo. Nikimweleza, huenda akapata jibu, roho yake itulie. Huenda pia asiniite dada tena, na wa tumbo letu tumebaki sisi wawili tu.

Jumapili twaenda tena kaburini, ameshanunua kitambaa kingine. Ninyi mliozika watoto, nawauliza ninyi hasa: mngependa kuambiwa? Nimwambie kabla hatujatoka nyumbani, au nimsaidie kutandika kile kitambaa, ninyamaze?